Soko likiungua, daftari lako litakuwa wapi?

*Wafanyabiashara wengi wadogo huuliza wanunue mashine gani au programu gani. Mwandishi wa makala haya anasema swali la kwanza ni jingine: kumbukumbu za duka lako hulala wapi usiku?*

ILIKUWA Jumapili asubuhi, Januari 27, 2013. Moshi mzito mweusi ulipanda juu ya jiji la Bujumbura. Soko kuu, lililokuwa kubwa kuliko masoko yote ya nchi, lilikuwa linateketea. Wafanyabiashara waliolala Jumamosi wakiwa na mali, waliamka Jumapili wakiwa na funguo za makufuli tu.

Mimi nilikuwa na wiki chache tangu nirudi kutoka Tanzania, baada ya kambi ya Mtabila kufungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Nilikuwa nimefikia Buyenzi, kwa shangazi yangu aliyekuwa na meza ya vitenge ndani ya soko hilo. Nakumbuka kwamba siku ile hakulia sana kwa ajili ya vitenge. Alisema kitenge hununuliwa tena. Alichokililia ni daftari.

Lilikuwa daftari la jalada gumu, na ndani yake yaliandikwa madeni yote: wateja wa Rumonge, wa Gitega na wa Uvira, walimu na manesi waliochukua kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Lilikaa chini ya meza, katika kisanduku kimoja na fedha za mauzo. Vyote viliungua pamoja. Wadaiwa waaminifu walikuja wenyewe wakalipa. Wengine walikuja kumpa pole, wakaondoka bila kutaja deni. Na wengine hawakuonekana tena.

Tangu hapo nimekuwa nikifundisha hisabati, na kwa kuwa nyumbani kwetu pia tuna butiki, majirani na wazazi wa wanafunzi huniuliza mara kwa mara juu ya teknolojia. Wanataka kujua kama wanunue kompyuta, mashine ya kutolea risiti, au programu fulani ambayo kijana amewaonyesha kwenye simu. Jibu langu ni moja, na huwa halipendezi mwanzoni: kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba kumbukumbu za duka lako hazilali dukani peke yake.

Hilo si jambo la Bujumbura pekee. Soko la Owino mjini Kampala liliungua Februari 2009. Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, ambako wengi wetu hufuata bidhaa, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Katika kila moto wa namna hii, bidhaa huhesabiwa kuwa ndiyo hasara. Hasara ya pili, ambayo haihesabiwi, ni ile ya mtu kushindwa kueleza alikuwa na nini, anamdai nani na anadaiwa na nani. Benki haiwezi kumkopesha mtu huyo, wala msambazaji hawezi kumwamini kirahisi.

Anza na daftari la safu sita

Usiidharau karatasi. Daftari haliishiwi chaji, halihitaji mtandao, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulijaza. Tatizo la madaftari yetu mengi ni kwamba yanaandikwa kama barua: leo mauzo, kesho deni, keshokutwa namba ya simu ya dereva.

Chora safu sita: tarehe, bidhaa, idadi, bei uliyonunulia, bei uliyouzia, na maelezo. Weka ukurasa wa mauzo mbele na ukurasa wa madeni nyuma, visichanganyike. Jioni jumlisha, kisha hesabu fedha zilizomo kwenye kisanduku. Kama daftari linasema 86,000 na kisanduku kina 79,000, andika tofauti hiyo bila aibu. Baada ya wiki mbili utaona kama ni chenji iliyokosewa, ni mkate wa watoto usioandikwa, au ni mkono wa mtu.

Aidha, jitenganishe na duka. Ukichukua sabuni ya nyumbani, iandike kama mteja mwingine yeyote. Maduka mengi ya mitaani kwetu hayakufilisiwa na washindani, bali yaliliwa polepole na familia ambayo haikuwahi kuandikwa daftarini.

Andika kwa lugha unayoielewa. Sisi tuliosoma uhamishoni tulijifunza hesabu za biashara kwa Kiswahili, tukarudi tukakuta fomu na ankara ni za Kifaransa. Fomu za serikali zijaze kama zinavyotakiwa. Lakini daftari lako ni lako. Liandike kwa Kiswahili au Kirundi, ili utakapolisoma usiku ukiwa umechoka lisikudanganye.

Deni liwe katika simu mbili

Hapa ndipo teknolojia inapoanza kusaidia kweli, na haihitaji simu ya bei kubwa. Simu ya tochi inatosha.

Mteja anapochukua mali kwa mkopo, mwandikie ujumbe mfupi akiwa bado amesimama mbele yako. Mfano: "Leo tarehe 4 umechukua vitenge 6 kwa 240,000. Umelipa 140,000. Bado 100,000, utalipa tarehe 30. Jibu NDIYO." Asiondoke kabla hajajibu. Mteja mwema hatakasirika, kwa sababu ujumbe huo unamlinda na yeye pia asije akadaiwa zaidi.

Sasa deni hilo limo katika daftari lako, katika simu yako na katika simu yake. Akilipa nusu, mwandikie tena. Kwenye daftari, pembeni ya deni, andika "amejibu" pamoja na tarehe. Simu ndogo hujaa ujumbe haraka. Futa matangazo na salamu, usifute madeni.

Kama shangazi yangu angekuwa na ujumbe wa namna hiyo katika simu yake mwaka 2013, moto usingemchukulia wateja wa Uvira. Simu yake alikuwa nayo mfukoni asubuhi ile.

Picha ya kila jioni

Kwa mwenye simu yenye kamera, kazi ni ya dakika tatu. Ukimaliza kujumlisha, piga picha ukurasa wa siku hiyo. Uwe mahali penye mwanga, ukurasa wote uonekane pamoja na tarehe, na uikuze picha kidogo kuona kama tarakimu zinasomeka. Kisha mtumie mtu unayemwamini ambaye halali nyumba moja na wewe: dada aliyeko Makamba, mtoto anayesoma Ngozi, ndugu aliyebaki Kigoma.

Wengi huuliza kama haitoshi picha kukaa ndani ya simu yao. Haitoshi. Simu huibwa, huanguka ziwani, huungua pamoja na duka. Na wanaotumia WhatsApp wajue kwamba ujumbe ukishamfikia mpokeaji, unahifadhiwa ndani ya simu zenu wenyewe. Ukipoteza simu bila kuwa umeweka nakala ya akiba, mazungumzo yale hayarudi yenyewe. Ndiyo maana tunamhitaji yule mtu wa pili.

Njia nyingine nzuri ni barua pepe. Ukijitumia picha kwa anwani yako mwenyewe, inakaa nje ya simu, na unaweza kuifungua kwa simu ya jirani au katika duka la intaneti. Andika neno lako la siri kwenye karatasi na ulihifadhi nyumbani, si dukani.

Asiye na kamera asikate tamaa. Nunua kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Nakala moja inabaki dukani, nyingine unaibeba nyumbani kila jioni. Kaboni ni teknolojia ya zamani, lakini inafanya kazi ile ile: kuweka habari moja mahali pawili.

Laini ya simu iwe na jina lako

Jambo hili linatuhusu zaidi sisi tuliorudi, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata.

Niliporudi sikuwa na karangamuntu. Nilihitaji laini ya simu siku hiyo hiyo, hivyo binamu yangu akaniandikishia kwa kitambulisho chake. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na shida yoyote. Nilipokea fedha na kulipa wasambazaji kwa laini ile. Kisha simu ikaibwa ndani ya basi. Nilipoenda kuomba laini mpya yenye namba ile ile, niliulizwa kitambulisho cha mwenye namba. Mwenye namba kwa karatasi alikuwa binamu yangu, na yeye alikuwa amekwenda kutafuta maisha Zambia. Faranga 400,000 zilikaa ndani ya namba ile kwa miezi mingi nikiziona kama samaki ndani ya kioo.

Sina wa kumlaumu, kwani binamu alinisaidia na aliyenihudumia alifuata utaratibu. Lakini najua kuna wenzangu wengi ambao hadi leo mtaji wao wote umo ndani ya jina la shemeji, la mwenye nyumba au la rafiki wa kambini. Mkigombana, au akifariki, utawaeleza nini ndugu zake?

Kwa hiyo, ukishapata karangamuntu, safari yako ya kwanza iwe kwenye ofisi ya kampuni yako ya simu ukaombe namba iandikishwe kwa jina lako. Nenda pamoja na yule aliyekuandikishia, akiwa na kitambulisho chake. Kama hapatikani, chukua laini mpya kwa jina lako na uhamishie fedha zako huko mapema, wakati simu bado iko mkononi mwako.

Vile vile, tenga namba ya duka na namba ya nyumbani. Mauzo yakiingia katika namba moja, salio lake na daftari lako vitazungumza lugha moja.

Ujumbe si fedha

Lumicash ya Lumitel na EcoCash ya Econet Leo zimerahisisha biashara Bujumbura. Mtu wa Kamenge anaweza kumlipa msambazaji wa Rumonge bila kubeba bulungutu la noti ndani ya basi.

Na kuna somo jingine la karibuni kuhusu noti. Mwanzoni mwa Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuziondoa katika matumizi noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, na wananchi wakapewa siku kumi tu kuzipeleka. Waliokuwa wanaficha akiba chini ya godoro walijua siku hiyo kwamba noti nayo ina siku zake za kuishi. Akiba iliyokuwa benki au kwenye simu haikuhitaji kupangiwa foleni.

Hata hivyo, simu nayo ina wezi wake. Kanuni zifuatazo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, hasa kama una kijana anayekuuzia:

Kwanza, usitoe mali kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Hata ujumbe ulioingia kwenye simu yako unaweza kuwa umetungwa na mtu na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe. Salio likiongezeka, fedha zimeingia. Lisipoongezeka, hakuna fedha, hata mteja akiapa.

Pili, namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na usimpe wakala simu yako akubonyezee.

Tatu, mtu akikupigia akisema amekutumia fedha kwa makosa na anataka umrudishie haraka, usirudishe kwa mkono wako. Angalia salio kwanza. Kama kweli zimeingia, mwambie aende kwenye kampuni ya simu warekebishe wao. Haraka ndiyo silaha ya tapeli.

Nne, ukituma kwa namba isiyo sahihi, piga huduma kwa wateja papo hapo, kabla aliyepokea hajazitoa. Kabla ya kuthibitisha muamala, soma jina linalotokea, usisome namba tu.

Tano, wanaotumia WhatsApp wawashe kinga ya hatua mbili, ile ya tarakimu sita unazochagua mwenyewe. Na mtu yeyote akikuomba umtajie tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe wako, hata kama jina lake ni la rafiki, jua kwamba rafiki huyo amekwisha kuibiwa, na wewe ndiye unayefuata.

Hesabu ya anayevuka mpaka

Anayetoka Mugina kwenda Manyovu na Kigoma, au Kobero kwenda Kabanga na Ngara, anashika fedha za aina mbili, na wakati mwingine tatu. Hapa ndipo wengi hupata hasara huku wakicheka.

Tuchukue mfano. Umenunua Kigoma ndoo 40 za plastiki kwa shilingi 3,000 kila moja, jumla shilingi 120,000. Tuseme, kwa mfano tu, siku hiyo shilingi 10 zimekugharimu faranga 20. Ndoo zimekugharimu faranga 240,000. Nauli, wapakiaji na ushuru ni faranga 60,000. Jumla ni 300,000, yaani kila ndoo imefika dukani kwa 7,500. Unaiuza 8,000. Unasema faida ni 500 kwa ndoo, sawa na 20,000 kwa mzigo mzima, na unaitumia kulipia pango.

Wiki tatu baadaye unarudi Kigoma. Sasa shilingi 10 zinauzwa faranga 22. Ndoo zile zile 40 zinahitaji faranga 264,000, na ukiongeza 60,000 ya njiani inakuwa 324,000. Kila ndoo sasa ni 8,100. Wewe mkononi una 300,000. Utarudi na ndoo kama 37. Safari ijayo 34. Wateja ni wengi, duka linauza kila siku, na rafu zinapungua. Majirani watasema umerogwa. Hukurogwa, ulikuwa unauza ndoo chini ya bei ya kununua nyingine.

Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, dola moja ilitoka faranga 2,000 na ushei hadi zaidi ya 2,800 kwa kiwango rasmi. Aliyekuwa akipanga bei kwa kuangalia bei ya zamani alijikuta anawagawia wateja mtaji wake.

Dawa yake ni ndogo. Katika daftari, ongeza safu ya kiwango cha kubadilishia fedha siku uliyonunua. Kabla ya kupanga bei, mpigie au mwandikie muuzaji wako wa Kigoma au Kariakoo umuulize bei ya leo, si ya mwezi uliopita. Tumia kikokotoo kilichomo kwenye simu yako: bei ya leo kwa fedha ya kigeni, zidisha kwa kiwango cha leo, ongeza gharama za njiani, gawa kwa idadi. Hapo ndipo faida inapoanza kuhesabiwa.

Tukiwa bado mpakani, kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni karatasi. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Kwa wafanyabiashara wadogo, jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kinahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukiwa nacho hulipi ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki. Bidhaa iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo, kwa hiyo usidanganyike. Kiulizie cheti hicho kwa ofisa wa forodha mwenyewe, si kwa mpiga debe anayekusubiri nje. Na kila karatasi unayopewa, ipige picha kabla hujamkabidhi mtu mwingine.

La pili ni mtandao. Ukikaribia mpaka, simu yako inaweza kukamata mtandao wa nchi ya pili na kukutoza kama msafiri. Ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague, na uzime intaneti ya ugenini. Wengi huilaumu vocha kwamba inaliwa, kumbe ni simu imehama nchi kabla ya mwenyewe.

Simu iliyozimika ni daftari lililofungwa

Sote tunajua hali ya umeme. Ukiamua kwamba simu ndiyo msaidizi wa duka, lazima uihakikishie chakula chake.

Benki ya chaji ya mAh 10,000 iliyo nzima huijaza simu ya kawaida kama mara mbili. Kwa duka dogo hiyo inatosha. Ukitaka sola, fanya hesabu kabla ya kusikiliza sifa za muuzaji. Paneli ya wati 20 ikipata jua zuri la saa tano inatoa kama wati-saa 100 kwa siku, na sehemu ya hizo hupotea njiani na kwenye betri. Taa ya wati 3 ikiwaka saa tano inakula 15. Simu moja inakula kama 15. Kwa hiyo paneli hiyo inabeba taa mbili na simu mbili bila shida.

Lakini haitaendesha friji ya soda, hata fundi akikuapia. Friji peke yake inaweza kula kilowati-saa moja kwa siku, mara kumi ya paneli yako. Na betri kuukuu, hata ikiwa rahisi, mara nyingi huwa imekwisha kufa ndani. Ni afadhali paneli ndogo na betri mpya kuliko paneli kubwa na betri ya kuazimia matumaini.

Kompyuta, ununue lini?

Msomaji atauliza: je, kompyuta na programu havina kazi? Vina kazi kubwa, kwa wakati wake.

Wakati huo unafika pale unapokuwa na aina nyingi za bidhaa kiasi kwamba huwezi kuzihesabu kwa jioni moja, au una wauzaji unaowalipa, au una duka la pili. Hapo jifunze kwanza programu ya majedwali, kama Excel au Google Sheets, ambayo hata simu inaiendesha. Zile safu sita za daftari lako ndizo safu utakazoziandika humo. Aliyezoea daftari ataijua programu kwa siku chache. Asiyezoea daftari atanunua kompyuta, na mwezi wa pili watoto wataitumia kuangalia filamu.

Aidha, ukikua hadi kusajiliwa kulipa TVA, Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, ina mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Kabla ya kumlipa mtu yeyote kwa mashine au programu ya ankara, nenda OBR uulize ni ipi inayokubaliwa. Wauzaji wa mashine ni wengi, na si kila wanachouza kitakupitisha mbele ya mkaguzi.

Daftari la shangazi

Shangazi yangu bado anauza vitenge. Baada ya moto alianza upya kwa vipande vichache alivyokopeshwa na mwanamke mwenzake wa Buyenzi, ambaye alimwamini kwa sababu alikumbuka namna alivyokuwa akiandika kila kitu. Mali iliungua, jina lake la uandishi halikuungua.

Leo ana simu ndogo ya tochi na kitabu cha kaboni. Nakala nyeupe iko dukani, nakala ya rangi iko nyumbani ndani ya kopo la maziwa. Mjukuu wake humpigia picha kurasa za madeni kila Ijumaa na kuzituma kwa mama yake aliyeko Makamba. Hajui kompyuta na hana haja ya kuijua. Lakini ukimwuliza saa hii anamdai nani, atakujibu kwa jina na kwa tarehe, na usiku analala.

Leo jioni, kabla hujafunga duka, lifungue daftari lako ukurasa wa madeni. Jiulize: likiungua usiku huu, ni nani mwingine anayeweza kunisomea ukurasa huu kesho asubuhi? Kama jibu ni hakuna, basi kazi yako ya kwanza ya teknolojia umeshaijua.

*Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa hisabati jijini Bujumbura.*